Gari Lililonyamaza Kwenye Taa

Shoga, nimejifungia chooni kazini.

Unaikumbuka ripoti yangu ya mafuta? Haibridi, ile ya petroli na umeme, SUV na pikapu: tunajaza tangi, tunaenda bohari na kurudi, tunajaza tena. Haibridi ilimeza lita mbili tu! Nikaringa kwa bosi: "Hii inakunywa kama shomoro."

Leo bosi kashika kalamu, asaini tununue sita. Mzee Breki, dereva wetu, akaninong'oneza: "Mwanangu, mbona hukuliandika dumu langu?"

Dumu gani, baba?

"Siku ile gari lilinyamaza kwenye taa. Nikajua limekauka. Nikalimiminia lita tatu kimyakimya, usiaibike."

USIAIBIKE! Shoga, haibridi ikisimama hunyamaza, ndivyo ilivyoumbwa!

Kumbe ni lita tano. Bado inazishinda SUV ya lita tisa na pikapu ya lita kumi na moja. Lakini nilichoandika ni uongo, na jina chini ni langu.

Bosi anaita koridoni: "Mama Shomoro, njoo tusaini!"

Naenda kumwambia. Mzee Breki kasema tunaingia wote kwa bosi. Yuko mlangoni ananisubiri, dumu mkononi.