Funika Sehemu Usiyoiosha

Nyumba za Walimu, Chuoni
Jumamosi asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini kwamba mgongo umepata nafuu na kwamba unamtii daktari, jambo ambalo, tuseme ukweli, hujawahi kumfanyia mtu yeyote tangu nikujue. Shemeji na watoto hawajambo? Mwambie shemeji asikuache uinue hata sufuria. Sisi huku hatujambo. Baba amekunywa chai yake yote leo, amegombana na redio, na sasa nimemketisha dirishani na ile sweta yako ya kahawia. Mimi ni mzima, na sijaoa bado, kwa hiyo usianze.

Barua yako niliipata wiki mbili na nusu zilizopita, na tangu siku hiyo inatembea nami mfukoni. Umeandika kwamba Baba alikuambia kwenye simu jinsi ninavyomwogesha mwenyewe kila asubuhi, na kwamba ulipoisikia habari hiyo ulilia kwa furaha. Umesema wewe ulimwogesha miaka mitatu mpaka mgongo ukakataa, na siku mliyomleta kwangu uliondoka na hofu kwamba mtu wa vitabu kama mimi angeshindwa. Umenishukuru mara nne katika barua moja. Nina jambo la kukuambia kuhusu shukrani hizo, ila nisipolianzia mwanzoni nitalikwepa. Unanijua.

Kuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapa, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, tunamwita Fundi kwa sababu alijenga nyumba za watu miaka kumi kabla ya kuweka mwiko chini na kuja kusomea uchungaji. Husoma polepole, midomo ikicheza, na vijana humcheka. Lakini huyo ndiye mwanafunzi pekee ambaye akiuliza swali, mimi hurudi nyumbani nikiwa bado nalijibu.

Somo langu unalijua, maana nimekuchosha nalo mezani miaka yote: jinsi Neno wa Mungu alivyofanyika mwili, na jinsi Wakristo wa karne za mwanzo walivyogombana juu ya hilo mpaka maaskofu wakafukuzana mijini. Wako waliosema Mwana ni kiumbe tu, bora kuliko vyote, lakini kiumbe. Wako waliomgawa mpaka ukadhani ni watu wawili wanaokaa nyumba moja. Wako waliosema ubinadamu wake ulipotea ndani ya uungu kama kijiko cha sukari kwenye pipa la maji. Na kabla ya hao wote walikuwako wale ninaowaita watu wa kivuli, waliosema kwamba alionekana tu kuwa na mwili. Alikula kwa kuonekana, akaumia kwa kuonekana, ila yeye mwenyewe hakuguswa na lolote. Habari za hao huzifundisha kwa ukali kuliko za wengine wote. Huwa nagonga meza. Huwaambia wanafunzi kwamba mtu anayeona kinyaa mwili wa binadamu hajaelewa hata herufi moja ya Injili. Ndiyo, Dada, mimi ndiye ninayesema hayo, tena kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Hapa chuoni insha ya mwisho ndiyo inayoamua nani atawekewa mikono kuwa mchungaji na nani atarudi kwao. Fundi aliwachagua watu wa kivuli. Kurasa kumi za kwanza alizieleza hoja zao kwa haki, akazijibu moja moja, kazi safi kama ukuta ulionyooka. Ukurasa wa kumi na moja aliacha vitabu. Aliandika kwamba mwili wa kivuli hauhitaji kuogeshwa, kwa sababu kivuli hakichafuki, hakinuki wala hakigeuzwi ubavu. Lakini yule mtoto wa horini aliogeshwa. Mama yake alimfuta, akamgeuza, akafunika sehemu asiyoiosha ili mtoto asipate baridi wala aibu, kisha akaendelea. Na aliposhushwa msalabani wapo waliomshika tena, mzito, asiyeweza hata kuinua mkono. Aliandika kwamba Mungu alikubali kuwa mtu wa kufutwa na wenzake, mwanzo na mwisho. Akamalizia kwamba hayo hakuyapata kitabuni. Kwa miezi minane amekuwa akimwogesha mzee mmoja aliyepooza upande mmoja, na hapo ndipo alipoelewa.

Kamati ilikaa Ijumaa ya wiki iliyopita. Tulikuwa wanne: mkuu wa masomo, mama anayefundisha maadili, mtunza maktaba, na mimi. Mkuu wa masomo aliusoma ukurasa ule kwa sauti, akavua miwani, akasema hayo ni matusi. Alisema Mwana wa Mungu hawezi kuandikwa kama mgonjwa wa kitandani, na kwamba huyo mwashi amesahau kuwa hayuko tena kwenye zege. Kilichomkera zaidi ni kile kifungu cha kufunika sehemu usiyoiosha. Alikirudia mara tatu kwa sauti ya kubana pua. Mama wa maadili, mtu wa haki sana, alisema labda tumwite mwenyewe atuambie huyo mzee ni nani, maana kama yupo, basi ule si utovu wa adabu bali ni ushuhuda.

Fundi aliitwa, akasimama mikono nyuma. Alisema ni mzee anayemheshimu, na kwamba aliahidi kutomtaja. Mkuu wa masomo akasema, basi hakuna mzee. Na mtu anayejitungia mgonjwa ili kuremba insha hawezi kukabidhiwa waumini. Fundi akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, Dada, afadhali ingekuwa hasira. Alinitazama kidogo tu, kama mtu anayekupisha mlangoni utangulie, kisha akatazama chini. Tukapiga kura kwa mikono. Mkuu aliinua, mtunza maktaba akainua, mama wa maadili akakataa. Mkono wa tatu uliomrudisha Fundi kwao ulikuwa wangu.

Nadhani umeshaelewa. Yale maneno ya kufunika sehemu usiyoiosha ni yako. Uliyaandika wewe kwenye ile karatasi ya maagizo uliyoniachia siku mliyomleta Baba: anza na uso, maji yawe vuguvugu, funika sehemu usiyoiosha. Mzee wa kwenye insha ni Baba yetu. Na mimi, Dada, katika miezi minane hiyo sikumwogesha Baba hata siku moja. Niliiacha kamati iyaite maneno yako matusi, nikaacha mtu mkweli aitwe mwongo, kwa sababu nikifungua mdomo wangejua.

Nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Asubuhi ya kwanza niliingia na beseni, nikafunua shuka, na harufu ikanipiga. Nilimwona Baba, yule Baba aliyekuwa akitubeba wawili begani, amelowa, amelala kama nguo iliyoangushwa, ananitazama. Nilitoka mbio nikatapikia kwenye sinki. Fundi alikuwa nje akiziba ufa wa ukuta, kazi niliyomwomba mwenyewe. Alinawa saruji mikononi, akalichukua lile beseni, akaingia. Nilimpa karatasi yako. Nilimwomba iwe siri yetu kwa siku mbili tatu mpaka nizoee, naye akakubali. Siku mbili tatu zikawa miezi minane. Kila asubuhi wakati wa kuoga mimi nilikuwa ofisini naandika mhadhara. Wenzangu wakiuliza nani anamhudumia mzee, niliwajibu, macho makavu, kwamba ni mimi. Wakanisifu. Mkuu wa masomo alinitaja hata kwenye mahubiri! Nami nikakaa palepale kwenye benchi nikiwa nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Najionea aibu mpaka naandika herufi kubwa kubwa kama mtoto.

Jumamosi ile Fundi aliondoka na basi la asubuhi. Kabla ya kwenda stendi alipitia hapa akamwogesha Baba. Baada ya kufukuzwa, Dada. Jumapili nilifungua madirisha, nikajidanganya kwamba siku moja bila kuoga haina neno. Jumatatu Baba alikuwa amelala ubavu akiutazama ukuta, na hakuniita, na nilijua kwamba hataniita.

Nilichemsha maji. Karatasi yako ilikuwa imebandikwa juu ya kitanda, imejikunja kwa mvuke, na chini ya mwandiko wako Fundi alikuwa ameongeza mambo kwa penseli. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Baba ana kidonda cha kulalia kwenye nyonga, kipana kama mdomo wa kikombe. Ndani ya nyumba yangu, wala sikukijua! Nilianza na uso. Nikamwaga maji kwenye godoro. Mara mbili nilikwenda dirishani kuvuta hewa, nikarudi nikaendelea. Nilifunika nisichokiosha. Nilipomgeuza alinikumbatia shingo kwa mkono wake mzima ili asianguke, na uzito wake wote ukanilalia kifuani, na hapo nililia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini, sabuni mkononi.

Nilipotulia nilimuuliza kwa nini alikuambia kwenye simu kwamba ni mimi ninayemwogesha. Unajua maneno humtoka kwa taabu sasa, moja moja. Alisema hakutaka unichukie wakati wewe mwenyewe umelala na mgongo. Kisha akapumzika, akasema jambo jingine, kwamba alijua nitakuja tu, na alikuwa ananisubiri. Miezi minane alikuwa akinisubiri, mimi nikiwa darasani nikigonga meza juu ya watu wa kivuli. Nimewahukumu watu hao miaka kumi na tisa darasani, kumbe walikuwa na mwenzao hai, tena anayelipwa mshahara na Kanisa.

Jumanne nilikwenda kwa mkuu wa masomo nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alisema ukurasa ule bado unamchoma, ila zaidi unamchoma mkono wangu uliopiga kura. Jumatano, bila taarifa, alikuja hapa akaketi na Baba karibu saa nzima, nami nikawaacha peke yao. Sijui walizungumza nini. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia kamati itakaa tena Jumatatu kusikiliza upya shauri la Fundi, na kwamba mimi nitaingia kama shahidi, si kama mwamuzi. Baada ya hapo watazungumza juu yangu. Huenda nikaipoteza kazi na nyumba hii. Kama ni hivyo tutakuja kwako, Baba na mimi, na hutalazimika kuinua kitu, nakuahidi.

Juzi, Alhamisi, mama wa maadili alikubali kukaa na Baba, nami nikasafiri kumtafuta Fundi. Nilimkuta kwenye jengo la ghorofa mbili linaloinuka karibu na soko la kwao, amejaa vumbi la saruji mpaka kope, akipanga matofali. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, na nilipomfikia ikayeyuka yote. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Wale mafundi wakaacha kazi wakatusikiliza bila kificho, na mmoja akaniuliza kama nimekuja kulia au kusaidia kubeba. Fundi aliwanyamazisha. Aliniambia kwamba Jumatatu atakuja wakimwita, ila kama sharti ni kukifuta kile kifungu, basi abaki na matofali yake. Nikamwambia kwamba asikifute, maana mwenyewe aliyekiandika ni dada yangu, na hata mimi sithubutu kumfuta.

Hapo alicheka kidogo, akashuka kwenye jukwaa la mbao, akaniuliza jambo moja tu. Hakuuliza kura, wala kwa nini nilinyamaza, wala yatakayompata. Aliuliza kidonda cha mzee kinaendeleaje. Nikamjibu bila kufikiri: kinakauka pembeni, katikati bado ni chekundu, na asubuhi ile hakikutoa maji. Aliniangalia, nami nikamwangalia, kwa maana wote wawili tulijua kwamba jibu kama hilo hawezi kulitoa mtu aliyesimama mlangoni.

Basi, Dada, zile shukrani zako nne nakurudishia, umpelekee mwenyewe. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, nimestahili, ila andika hata hivyo. Baba anakusalimu sana, na shemeji na watoto, kila mmoja kwa nafasi yake. Barua hii naituma kwa basi la leo ili ikuwahi; utuombee Jumatatu saa tatu, na zaidi umwombee Fundi. Nakuaga sasa, maana maji yamechemka.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho,
akupendaye.