Nilizima Maduara, Lawama Zikamwangukia Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, kwa sababu siku hiyo saa nne asubuhi mume wa dada yangu ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa ambalo ni langu, na mpaka naandika barua hii wanaolijua ni mimi, shajara yangu na sasa wewe.

Nina miaka thelathini na minne, nimesoma hadi kidato cha nne, na kazi yangu ni kupokea simu za dharura na kuyaelekeza magari ya wagonjwa. Shemeji ni dereva wa gari mojawapo. Kazini wanamwita Kobe, kwa sababu akishapakia mgonjwa hupita kwenye mashimo polepole kama aliyebeba mayai, ingawa akiwa anakwenda kumchukua hakuna anayemfikia. Ndiye aliyeniletea fomu ya kuomba kazi hii miaka mitano iliyopita, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza kuijaza, nisije nikaghairi.

Mwaka jana tuliletewa mtambo mpya. Wahudumu wa afya walioko mbali walipewa simu ambazo zikiwa karibu na mnara hutumia mnara, na mnara ukikosekana hutafuta setilaiti huko juu angani, kwa hiyo ujumbe unafika hata kutoka mahali ambapo zamani ilibidi mtu apande kilima kutafuta mtandao. Ujumbe ukiingia, mahali ulipotoka panaonekana kwenye ramani kama nukta yenye duara kuizunguka. Mwalimu aliyetufundisha, na maneno yake niliyaandika, alisema nukta ni makisio, duara ndilo ukweli: simu ikiona setilaiti za kutosha duara huwa dogo kama uwanja wa nyumba, lakini ikikisia kwa mnara peke yake nukta huangukia karibu na mnara wenyewe na duara linaweza kumeza vijiji vitatu, na mgonjwa yuko popote humo ndani.

Sasa kosa langu. Mimi napenda vitu vilivyonyooka, na siku zenye ujumbe mwingi maduara yale yalipandana mpaka kioo cha kompyuta kikawa kama sahani zilizorundikwa kwenye karai, nami nikagundua kitufe cha kuyaficha. Shajara yangu ya tarehe 11 Machi inasema: "Leo nimezima maduara. Kioo kinapendeza, nukta zinaonekana vizuri." Nilijisifu, mshauri.

Tarehe 2 Aprili, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, ukaingia ujumbe wa mhudumu wa afya kwamba jiwe limemwangukia mchimbaji mguuni na wako shimoni, na upande ule machimbo ya mawe ni mengi, nikampigia, simu haikushika, nikaitazama nukta, nikamtuma shemeji. Saa 3:34 alifika, na kwenye kioo changu nukta ya gari na nukta ya mgonjwa zikalaliana kabisa. Akaniita kwenye redio.

"Shemeji, hapa pana mnara wa simu na mbuzi. Shimo silioni."

Nikamwambia amesimama juu ya mgonjwa, atazame vizuri. Akazunguka, akauliza wachungaji, akarudi kusema hata wao hawajui shimo lolote pale, nami mbele ya wenzangu wawili nikasema, "Ramani haidanganyi, shemeji. Vaa miwani." Wenzangu wakacheka. Yeye akaendelea kutafuta.

Saa 4:19 mhudumu alipanda kutoka shimoni hadi ukingoni, simu yake ikaona anga, ikashika setilaiti, na nukta ikaruka kilomita saba hadi upande wa pili wa bonde. Nikatuma gari jingine lililokuwa karibu na huko, na shemeji nikamwambia arudi tu, bila kumweleza kitu. Yule mchimbaji yuko hai, lakini mguu wake umekatwa chini ya goti. Ana miaka ishirini na tisa.

Kisha nikafanya jambo baya zaidi. Mchana ule wenzangu walipotoka kwenda kula niliyawasha maduara, ili atakayekuja kukagua akute kila kitu kama kilivyoletwa. Ripoti ya msimamizi inasema gari lilifika eneo lililoelekezwa saa 3:34 na dereva akashindwa kumpata mgonjwa kwa dakika arobaini na tano. Ukilichukua neno mojamoja ni kweli, ukiyaunganisha ni uongo. Kwenye korido wanasema Kobe sasa amekuwa kobe kweli.

Jumamosi dada alikuja kwangu, akakaa jikoni bila hata kuvua mtandio, akaniambia mumewe chakula hakipiti, kutwa anachora ile sehemu nyuma ya bahasha, huku mnara, kule mbuzi, anajiuliza ni upande gani hakuutazama, na ameanza kuamini kwamba shimo lilikuwepo na yeye akalipita. Akanishika mkono. "Mdogo wangu, wewe ulikuwa mle ndani, ulikuwa unaona yote. Niambie tu, alikosea wapi?"

Nikamwambia sijui. Nikasimama, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nikisema, kazi itakwenda, pengine nitashtakiwa, na dada atajua kwamba nilimtazama usoni nikamdanganya. Nikinyamaza, shemeji atafukuzwa akiamini ni mzembe. Nimewaza kuchana kurasa mbili za shajara, ule wa 11 Machi na ule wa 2 Aprili, lakini nimeiandika miaka kumi na sita na sijawahi kuchana hata moja. Je, niende kwenye kamati, au nimwambie shemeji kwanza, au nisubiri nione adhabu itakuwa nzito kiasi gani ndipo niseme?

Mwenye Shajara

*

Mwenye Shajara,

Barua yako imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Jumatano, kikao chenu ni Alhamisi. Nimemwomba mhariri aiweke juu kabisa. Wenye barua za mapenzi watasubiri, mapenzi hayaozi kwa wiki moja. Ukishamaliza kusoma, vaa viatu.

Pole. Naona unavyoteseka, na ninaamini hukumtakia mtu mabaya. Ulizima maduara kama mtu anayepanga kabati, na kosa la namna hiyo hata mimi ningelifanya. Lakini mwanangu, mtu mwenye macho yake mawili alikuwa amesimama pale penyewe, akakuambia anaona mnara. Mnara! Neno lilelile ulilofundishwa ukaliandika kwa mkono wako. Alikupa jibu, ukamrudishia mzaha wa miwani. Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilikuwa la kiburi. Ulipoyawasha maduara kwa siri hukuwa unakosea tena. Hapo ulichagua.

Eti usubiri uone adhabu itakuwa nzito kiasi gani. Huko ni kumwacha mwenzako alazwe machinjioni ili uone kama kisu kinakata. Hapana.

Nenda leo kwa shemeji, kabla ya kamati na kabla ya msimamizi. Yule mtu anatafuta shimo ambalo halipo, na katika dunia nzima ni wewe peke yako unayeweza kumwambia aache kutafuta. Dada awepo. Mwambie na yeye kwamba Jumamosi ulimdanganya. Usianze kwa kulia, maana ukilia watakubembeleza, na zamu ya kubembelezwa si yako.

Ukitoka hapo, msimamizi apate maelezo yako kwa maandishi leo hiihii, yenye tarehe na saa kama unavyojua kuandika, pamoja na nakala za kurasa zote mbili. Omba kumbukumbu za mtambo zitunzwe zisifutwe, kwa sababu mitambo hii nayo huwa na shajara yake, na huenda imeandika ni lini maduara yalizimwa na lini yaliwashwa. Bora wakusikie wewe kabla hawajausikia mtambo. Kama mna chama cha wafanyakazi, mwakilishi aende nawe. Kukiri si lazima ukiri peke yako.

Kuna jambo hukuniuliza, na ndilo limenitia hofu kuliko yote. Kioo kile kilikaa wiki tatu bila maduara na wenzako wawili waliokitazama hawakuuliza yamekwenda wapi. Kitufe bado kipo. Kesho mwingine anayependa unadhifu atakibonyeza. Kwa hiyo mbele ya kamati usiseme tu "nisameheni". Sema kitufe kifungwe, na nukta iliyokisiwa kwa mnara isiruhusiwe kufanana na iliyotoka kwa setilaiti. Na dereva akisema hakuna kitu, aliye kwenye kioo awe na wajibu wa kumwambia anaona duara la ukubwa gani. Hicho ndicho utakachompa yule kijana wa machimbo, kwa sababu mguu huwezi kumrudishia. Kama zile dakika arobaini na tano ndizo zilizouchukua, wa kusema ni daktari, na pengine hata yeye hajui. Usijihukumu wala usijisamehe kabla hajaulizwa.

Kazi unaweza kuipoteza. Sitakudanganya, umeshaonja ladha ya kudanganya.

Kurasa usizichane. Miaka kumi na sita umeitunza shajara, wiki hii nayo ikutunze. Na shemeji akikasirika, usimkatize kumweleza mambo ya minara na setilaiti. Tarehe 2 Aprili alikuambia anachokiona, ukamwambia atazame vizuri. Safari hii mwache aseme mpaka amalize.