Mtoto Aliteleza Mikononi mwa Bibi Yake

Dada Afsa, nakusalimia wewe na wote wanaokusikiliza redioni huko Mbarara, na nakuomba unisaidie kwa jambo ambalo naona aibu hata kumwambia jirani. Naitwa Alida, ni Mrundi, ninaishi hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mama mkwe wangu Bernardine na binti yangu wa kwanza, Élyse, ambaye hajafikisha mwezi. Bwana wangu Valentin anajenga nyumba za watu huko Ruti, anarudi mara moja moja.

Tangu nijifungue, mama mkwe ndiye alikuwa anamwogesha mtoto, kwetu ni kazi ya bibi, na mimi sikuwahi kushika mtoto mchanga hivyo nilishukuru sana, lakini pole pole nikaona kwamba kabla ya kumimina maji anapapasa kwanza ajue beseni liko fasi gani, na siku moja akapaka kitambaa sabuni akidhani ni mguu wa mtoto, tukacheka wote wawili, nikanyamaza, kwa kuwa sina mama mwingine hapa Uganda.

Juma lililopita alimlaza kwenye beseni, maji mengi, mwili wote sabuni, akageuka kutafuta taulo iliyokuwa hapo hapo karibu na goti lake, na mtoto akateleza. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Sikusikia kilio, nilimsikia mama mkwe akiuliza kwa sauti ndogo, "Alida, mtoto ako wapi?" Niliruka nikamtoa, uso ulikuwa ndani ya maji, akakaa kimya kidogo, halafu akakohoa, akatapika maji, akalia. Dada, sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile kilio. Nilimfunga kwenye kitenge nikakimbia kituo cha afya, wakamchunguza, wakatuweka pale mpaka jioni, wakasema kifua ni kizima, turudi nyumbani. Ananyonya, hakohoi, hana homa.

Lakini tangu siku ile mama mkwe hamgusi. Nikimpa anasema, "Mushike wewe, mwanangu, mikono yangu ni michafu," na mikono yake si michafu. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu umetulia kwamba hamshiki tena, halafu namwona amekaa pembeni anamsikiliza mtoto akilia, nashindwa kula. Jana Valentin aliniuliza kwa simu, "Mama anamwogesha vizuri?" Nikajibu ndiyo. Ukweli ni kwamba hakuna anayemwogesha. Ninaogopa maji, ninampangusa uso tu na kumpaka mafuta. Nifanye nini?

Alida, Nakivale

*

Alida mdogo wangu, barua yako nilianza kuisoma nimesimama, na nilipofika pale mtoto alipolia ndipo nilipokaa. Alhamdulillahi. Ulimtoa, ukamkimbiza kituoni, hukungoja kuona itakuwaje. Hapo sina la kukufundisha.

Sasa nikugombeze. Uliona kwamba mama huyu haoni vizuri, ukacheka naye, ukanyamaza. Ulidhani ni heshima, na mtoto ndiye aliyekunywa maji. Sasa unanyamaza tena kwa Valentin. Mpigie leo umwambie, "Macho ya mama yamepungua, mtoto aliteleza, ni mzima, njoo umpeleke mama kwa daktari wa macho." Usiongeze lawama juu yake. Macho ya wazee mara nyingi yanatibika, na madaktari wako hapa Mbarara.

Kumwogesha nako usikuogope. Mtoto mchanga si lazima aogeshwe kila siku. Siku nyingine kumpangusa kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kunatosha, ila si uso tu, pitisha shingoni, kwapani na makalioni. Siku ya kumwogesha, weka kila kitu karibu kabla hujamvua nguo. Tia maji baridi kwanza, ndipo ya moto, koroga, uchovye kiwiko. Kiwiko kikiungua kidogo tu, maji hayo si ya mtoto. Yawe machache, ya kumlowesha tu akiwa amelala. Mkono wako mmoja upite nyuma ya shingo yake ushike kwapa la upande wa pili, na hauondoki hapo mpaka atoke, hata simu ikilia, hata maziwa yakifurika jikoni. Sabuni kidogo, tena mwishoni. Kama kitovu hakijapona, kiache kikavu, usikipake majivu wala dawa ya jirani. Mkaushe mpaka kwenye mikunjo, mfunike kichwa upesi. Na ukimwona anapumua kwa shida, ana homa au anakataa titi, nenda kituoni, usiniandikie mimi.

Nimebakiza mama Bernardine. Bibi aliyeuliza mtoto yuko wapi na asijibiwe mara moja, huyo ameshajiadhibu kuliko utakavyoweza wewe. Mwambie, "Mama, mimi nitashika, wewe uniongoze." Aketi kwenye mkeka na taulo kavu mapajani. Ukimtoa Élyse majini usimuulize bibi kama anataka kumpokea, maana atakataa. Mweke tu mapajani mwake, wewe ukae hapo hapo, umwache amkaushe kwa mikono yake.

Mchana bado una joto. Bandika maji.