Zege la Marseille

Guangzhou, Jumapili. Mwaka wa thelathini ugenini.

Zuhura, binti yangu msanifu majengo, alinipigia simu ya video leo akiwa Marseille, ndani ya jengo moja la zege, maarufu kwa wasanifu. Alikuwa akipapasa ukuta. "Baba, ona alama za mbao zilizoshikilia zege! Kama ukuta wa lile gereza la mjini kwetu. Gereza hilo sasa tunaligeuza kuwa makumbusho, mzee wangu. Achana na makontena ya bandari ya Huangpu, urudi nyumbani ulizindue."

"Toa mkono hapo!" nilifoka.

Hakuwa akijua. Kwenye ukuta wa gereza lile askari walimsugua kaka yangu uso mpaka mfupa wa shavu ukatokeza, nasi wafungwa wenzake tukalazimishwa kuimba ili mayowe yake yasisikike mtaani. Nilimweleza yote. Alilia, kisha akauliza kama bado nitakuja.

Ukuta ule ningeutafuna kwa meno hadi uanguke, si kuuzindua. Sitarudi.