Mama Ainuliwe Bila Mimi

Mdogo wangu Yeremia,

Kamwene. Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima, na kwamba baridi ya usiku haikuunguza viazi vya bondeni. Mimi mwili hauna neno. Baridi ya Uingereza siilalamikii. Aliyekulia Kitandililo hana haki ya kulalamikia baridi ya watu wengine.

Nimeipokea barua yako. Makosa yake ni mengi, na kwa mara ya kwanza sikushika kalamu nyekundu. Nilipofika pale ulipoandika kwamba Mama angali amekaa chini, nilishindwa kuendelea.

Baba alipofariki, niliwaandikia kwamba ningerudi mara tu kazi yangu ya utafiti ikubaliwe, nimshike Mama mkono, nimwinue kutoka kwenye mkeka wa msiba na kumtoa nje akapokee jembe, kama mzaliwa wa kwanza wa ukoo wetu anavyopaswa. Tangu hapo hajaingia shambani, hajaketi kitini, hajaimba kanisani. Unasema wazee walimwomba akubali umwinue wewe, naye akawajibu, "Mkono wa Nathanaeli haujakatika. Nitaungoja." Unasema pia kwamba magoti yake yamevimba, na mvua za kupandia zimekaribia.

Basi pokea yaliyonipata. Huwa unaniuliza ninachotafiti. Nachunguza hisabati ya seti, yaani makundi ya vitu, zisizo na mwisho, na maana ya kitu kuwa karibu na kingine pasipo kupima umbali. Mjomba Lutengano alicheka sana siku mliponisindikiza Makambako. Alisema, "Unakwenda kuhesabu visivyoisha? Basi tukuage kabisa." Wote waliokuwa wakingoja lori walicheka, nami nikanuna.

Kwa miaka yote hii nimekuwa nikijenga uthibitisho mmoja. Ndani yake nilichukulia kwamba nukta ikiwa karibu kabisa na seti, daima itafikiwa kwa kutoka ndani ya seti hiyo, hatua baada ya hatua. Ndivyo ilivyo katika ardhi tunayoikanyaga, na sikuwa na shaka. Majuzi, nilipokuwa nikiinakili kazi yote kwa mwandiko safi ili niikabidhi, nilikwama kwenye mstari huo. Ziko nafasi za kufikirika ambamo sivyo. Ifikirie nyumba ya Baba: kila ua utakaouzungushia, hata uwe mdogo namna gani, utamkuta ndani yake mmoja wa jamaa zetu, na hata hivyo, ukiwapanga jamaa hao mstari, wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kikomo, hakuna mstari utakaoufikia mlango.

Mwalimu wangu, mzee mpole asiye na maneno mengi, aliusoma ukurasa ule, akavua miwani. Akasema, "Pole, Nathanaeli. Yote yanayofuata yamesimama juu ya hapa." Nilimjibu kwamba naliona hilo. Alinishauri nianze upya, kwa kuwa swali lenyewe bado ni zuri. Itakuwa miaka, si miezi. Nikiondoka sasa, nafasi yangu atapewa mwingine, nami sitarudishwa.

Yeremia, hakuna aliyenizuia. Ningeweza kupanda meli. Nilifungua sanduku, nikaweka shati, nikalitoa, nikaliweka tena. Siwezi kuliacha swali hili, wala siwezi kumwacha Mama sakafuni. Nilichobaki nacho ni kimoja tu, nacho ninakitoa.

Wasomee wazee maneno haya. Mimi, Nathanaeli, mzaliwa wa kwanza, nimempa ndugu yangu Yeremia mkono wangu. Amwinue Mama. Akikalie kiti cha Baba, agawe mashamba, apokee wachumba wa mabinti zetu. Nitakapokuja, nipokewe kama mgeni apokewavyo. Sitayadai tena.

Mama atakataa. Usibishane naye. Mshike chini ya kiwiko, si begani, maana bega la kulia humuuma, umwinue polepole. Akilia, mwache alie. Akiuliza kama nimeshindwa masomo, mwambie ndiyo. Akiuliza kama basi ninarudi, mpe jembe.

Nisalimie shemeji yangu Salome, mkeo, ambaye najua ndiye anayemkanda Mama magoti. Nisalimie Shangazi Semeni, dada yake Baba. Mwombe asimame karibu siku hiyo, kwa sababu Mama humsikiliza. Nisalimie na Mzee Obadia, mwinjilisti wetu, naye aanze wimbo mara Mama atakapovuka kizingiti, asingoje mtu mwingine yeyote.

Mungu awe nanyi nyumbani humo.

Ndimi sasa mdogo wako mtiifu,
Nathanaeli