Mashine Inataka Bwana Wangu Afunge Mkanda

Jumamosi. Mvua ilinyesha asubuhi yote, ikakatika mchana, na mfereji nyuma ya nyumba yetu hapa Bigo, mjini Bunia, ungali unapiga kelele. Dieudo amelala kitandani, bega lake limevimba. Ninamwangalia kutoka hapa kwenye kiti changu cha kushonea. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi na kuogopa hivi kwa wakati mmoja.

Ni mwezi wetu wa kwanza wa ndoa.

Kwa wasiotujua: bwana wangu ni chauffeur wa chargeuse, lile gari kubwa lenye ndoo ya chuma mbele. Anapakia udongo mwekundu kwenye malori, katika machimbo tunayoyaita karyeri, kwenye njia ya Aveba, ili barabara itengenezwe. Mimi ni mshonaji. Nilimpenda kwa ajili ya mikono yake, sitaficha. Lakini mkono wake wa kuume ulikuwa unarudi nyumbani ukitetemeka, kwa kusukuma na kuvuta vyuma vya kuongozea ndoo kutwa nzima. Chai ilikuwa inamwagika kabla haijafika mdomoni.

Halafu ikaletwa mashine mpya, ile inayojaza ndoo yenyewe. Dieudo alinieleza tukiwa mezani, kiganja chake kikiwa ndoo na bugali likiwa udongo.

"Ona, chérie. Miye naingiza tu ndoo chini ya udongo, nafinya bouton. Mashine inasikia uzito. Inakunja kidogo, inanyanyua, inakunja tena, mpaka inajaa. Miye mikono iko kwa magoti."

Akala ile ndoo yote na sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Jioni ile mkono wake ulikaa ndani ya mkono wangu, umetulia kabisa. Nikambariki aliyevumbua bouton ile, kitufe kile kidogo, popote alipo duniani.

Sikujua sharti lake.

Bouton haikubali kufanya kazi kama mlango wa kabini uko wazi ao mkanda wa kiti haujafungwa. Na kwenye njia ile hakuna chauffeur anayejifunga. Tangu vita irudi, wote wanapakia mlango ukiwa wazi, mguu mmoja tayari kwa ngazi. Mwenzake mmoja alipona hivyo. Watu wa silaha walitoka kwenye majani, akasikia risasi, akaruka, akapotelea katika shamba la mihogo. Mashine waliichoma. Yeye alicheza kwenye arusi yetu mpaka viatu vikamtoka.

Sasa hii mpya, ukifunga mlango, ndani kuna hewa ya baridi na kimya kama kanisani siku ya kazi. Husikii kitu cha nje.

Nililia. Nilimwambia, "Papa, usijifunge mule kama mbuzi ya soko."

"Weye unaogopa bure," alinijibu. Lakini aliona machozi yangu, na akafanya kama wenzake walivyomfundisha: mkanda akaufunga nyuma ya mgongo wake, mashine ikaamini. Kwa mlango, akabandika kipande cha mpira pale mashine inapohisi kama umefungwa. Mpira ule niliukata mimi, kwa mkasi wangu, kutoka kwenye ndara zangu za zamani. Niliupima vizuri kama kola ya shati. Usiku ule nililala usingizi mtamu sana.

Juzi mvua ililainisha udongo wa karyeri. Dieudo akafinya bouton, ndoo ikaingia, mashine ikasukuma kwa nguvu zake zote. Inajua uzito wa ndoo. Haijui matope yaliyo chini ya magurudumu yake. Kama angekuwa anapakia kwa mikono, angesikia katika kiti chake kwamba gurudumu linazama, angerudi nyuma. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kilima wanakotokea watu wa silaha, kwa sababu mimi nilimwomba asiache kukiangalia kilima.

Chargeuse ikainama. Yeye akatupwa nje kupitia mlango ule ule niliouacha wazi, akaangukia bega. Mashine ikabaki imeinama juu yake, na ikasimama hapo.

Ingeendelea kidogo tu, leo ningekuwa nimevaa nguo za kilio, mimi ambaye zawadi nyingine za arusi bado sijazifungua.

Shefu wao alikiona kipande cha mpira. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kuanzia lundi unafunga mukanda na mulango, ao unabakia Bunia kwa bibi yako." Lundi ni keshokutwa, Jumatatu. Mimi ningechagua abaki kwa bibi yake, bila kufikiri. Dieudo hakuchagua hivyo. Kazi ile ameitamani tangu utoto, anaisema kama wengine wanavyosema majina ya watoto wao.

"Nitafunga," aliniambia leo mvua ilipokatika.

Nikifikiri mkanda, ninaona risasi. Nikifikiri bila mkanda, ninaona gurudumu. Nilikaa nikizungusha gurudumu la cherehani bila kushona kitu.

Mwishowe nilimwambia, "Basi unionyeshe namna utafungua."

Nilitoa mkanda kwenye mfuko wangu wa zamani wa shule, wenye kifungo cha plastiki kinacholia ta, nikauongezea kitambaa kigumu, nikauzungusha kwenye kiti na kiuno chake. Nikafunga mlango wa nyumba. Nikasimama nyuma yake na mwiko na beseni. Nikipiga beseni, afungue, asukume mlango, awe nje.

Mara ya kwanza alicheka tu. Mara ya pili alinyanyuka na kiti chote. Bega la kuume lilimuuma, kwa hiyo nikamfundisha mkono wa kushoto. Tulirudia, tukarudia, mpaka jirani yetu Mama Neema akaita kutoka upande wa pili wa uzio.

"Munafanya nini kule? Ndoa iko mupya, mumeshaanza kupigana?"

"Hapana, mama. Bibi ananifundisha kukimbia."

"Ni vizuri. Wangu sikumufundisha, akajifundisha yeye peke yake."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Nikamrudisha kitini, nikamfunga tena, nikanyanyua mwiko.

Sikuwa nimepiga bado. Risasi zililia mbali, upande wa Shari, moja, halafu nyingi pamoja. Sikusikia hata ile ta. Mlango ulikuwa umefunguka na kiti kilikuwa kitupu. Niliogopa, na ndani ya hofu ile, nisamehewe, nilifurahi: anajua, ametoka, atapona.

Halafu akarudi ndani.

Alinishika mkono, akanilaza sakafuni kando ya cherehani, akanifunika na mwili wake wote, hata lile bega lililovimba. Nilisikia pumzi yake kwenye shingo yangu. Tulikaa hivyo mpaka Mama Neema akaita kwamba wanasema ni askari tu, wanapiga hewani.

Dieudo alisimama akijipangusa, amefurahi kabisa. "Umeona? Nimetoka mbio."

"Nimeona umerudi," nilimwambia.

"Sasa, nikuache weye?"

Alisema hivyo kama kitu cha kawaida, akaenda kulala. Mimi nikachukua simu kuandika.

Katika karyeri mimi sitakuwapo. Lakini kuna watu wa malori, kuna askari wawili wanaolinda, kuna yule mama anayewauzia mikate kando ya njia. Siku ile ikifika, atafungua mkanda kwa mkono wa kushoto, haraka, kama nilivyomfundisha. Halafu mmoja wao ataita.

Nimfundishe sasa kutorudi? Na nikiweza kumfundisha hivyo, nitakuwa nimeolewa na nani?