Nitampitaje Baba Mkwe Kwenye Kona?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana ikishapita hata ushauri hautanifaa. Mimi ni Mwarusha wa hapa Sombetini, siku za kazi naendesha bodaboda, na mwisho wa wiki nashindana mbio za pikipiki za vumbi kule Terrat na klabu yetu, na tangu klabu ianze tulikuwa tunapangwa kwa rika, wazee na wazee, vijana na vijana, hata kama huyu ana injini kubwa na yule ndogo, na hakuna aliyelalamika, lakini mwaka huu viongozi wameamua tufuate sheria za ligi ya kulipwa, tupangwe kwa ukubwa wa injini, ili mshindi wa kila daraja apokelewe huko moja kwa moja, na mimi nilishangilia kuliko wote mpaka nilipojikuta daraja moja na Mzee Lemburis, baba yake mke wangu Nashilu.

Mshauri, kwetu mkwe hata benchi moja hukai naye ovyo, sembuse kumrushia vumbi usoni mbele za watu. Nilimwendea katibu akanijibu, "Mdogo wangu, injini haina mkwe." Basi kwenye mbio za majaribio nikawa nyuma ya mzee, mwendo ninao kumzidi, na kila kona anageuka kunitazama kwa jicho kali, halafu kona ya chini njia ikafunguka kushoto, wazi kabisa, mkono wenyewe ukaachia mafuta, nikagusa breki, na Sumari, mwenzetu wa klabu aliyekuwa nyuma yangu, hakutegemea, akanigonga, akarushwa, akavunjika mfupa wa bega. Nikawaambia watu breki ilinasa. Sumari anaamini hivyo mpaka leo. Nashilu naye ananiambia, "Ukimpita baba mbele za watu, mimi uso wangu nitauficha wapi?" Jumamosi ndiyo mbio yenyewe, nafasi ya ligi ni moja, na nimejaa hofu, sijui naogopa kushinda au kuua mtu. Nifanyeje?

Lesian, Sombetini

Lesian mwanangu, pole. Sasa nisikilize, maana nimekasirika.

Heshima gani hiyo inayovunja bega la mtu mwingine? Breki haikunasa, na unajua. Kwa hiyo leo, kabla hujamaliza hata chai yako, nenda kwa Sumari ukamwambie ukweli. Akifoka, mwache afoke. Usimpeleke Nashilu akuombee, nenda mwenyewe.

Halafu mzee. Unasema jicho lake lilikuwa kali. Ulilisoma vibaya. Mwenye hasira angetazama mbele akavuta mafuta. Anayegeuka kila kona anasikia injini mgongoni na haelewi inangoja nini. Alikuwa anakuogopa, na hata mimi ningekuogopa.

Mwendee kabla ya Jumamosi, na usiende peke yako, tafuta mtu wa rika lake akutangulie, kama mlivyofanya wakati wa posa. Mpe shikamoo yake, na usiombe akuachie ushindi, hapo utakuwa umemtukana. Muulize jambo moja: "Baba, nikikufikia, nipite upande gani?" Akikujibu, pita upande huo huo, bila kusitasita. Akikataa, ondoa jina lako. Mlipochukua sheria za ligi mlichukua na hii, kwamba mwenye njia anapita. Huwezi kutaka nafasi yao ukaacha kanuni yao. Na ukiingia tena uwanjani na breki yako ya heshima, safari hii huenda lisiwe bega.

Nashilu naye, namwelewa, lakini mwulize uso atauficha wapi siku mumewe atakaposababisha baba yake alazwe hospitali.

Nenda, mwanangu. Mzee huyo alikupa binti yake mbele ya ukoo mzima. Kona moja hatashindwa kukupa.